Simu ya Ndani ya Sanduku la Bati

Kabla ya alfajiri, ndani ya sanduku la bati, kitu kililia: tii. Irine akafumbua macho, akangoja gizani. Hakikulia tena. Kila siku ilikuwa hivyo, na hakuwahi kumwambia mtu.

Asubuhi mtandao wa nyumbani ulisuasua. Irine alikuwa mshonaji, na picha za mishono kutoka kwa wateja ziligoma kufunguka. Akampigia Danstan, fundi wa mtandao.

Mara ya kwanza walikuwa wamekutana stendi ya Lusahunga, katikati ya malori. Ngazi ya Danstan iliangusha karai la ndizi alilobeba Irine; akaziokota zote, akazifuta vumbi moja moja kwa shati lake jeupe. Irine alimpendea hapo. Lakini sasa wiki mbili Danstan hakuwa amekanyaga kwake.

"Fundi, mtandao umelala tena."

"Mwambie Gervas apunguze matumizi."

"Gervas?"

"Simu yake imeungwa kwenye ruta yako. Niliona jina lake siku ya mwisho nilipokuja kukagua. Inaanza kutumia saa kumi alfajiri, Irine. Mimi si mtoto."

Irine akakaa kitandani. "Ulijua mimi ni mjane. Jina la marehemu hukuniuliza."

Kwa mbali lori lilipiga breki.

"Nakuja," Danstan akasema.

Alifika vifungo vya shati vimepishana, akavua viatu mlangoni. Irine akafungua sanduku. Simu ilikuwa imeviringishwa kwenye shati la kiume, waya wa chaji umepenyezwa pembeni.

"Naichaji kila jioni. Ikizima, naona kama nimemzika mara ya pili. Na ikilia alfajiri, huwa nadhani... Usinicheke."

"Sikucheki, mpenzi."

Danstan aliipokea kwa mikono miwili, akaikagua. "Marehemu aliipanga itume video zake zikahifadhiwe mtandaoni. Imebaki moja, ndefu. Bati linazuia mawimbi, inakatika njiani, kesho saa kumi inalia na kuanza upya. Ndiyo inayokula mtandao wako."

Wakaifungua. Kwenye video Irine anaosha vyombo uani, anaimba vibaya, na mwanamume asiyeonekana anacheka. Danstan aligeukia ukuta mpaka ikaisha.

"Niifute?"

"Usiifute. Tumwache amalize."

Danstan akaiweka kando ya ruta. Wakakaa wakimenya ndizi. Mchana simu ikalia tii, kisha kioo kikaandika: imekamilika. Irine akalia. Danstan hakumwambia anyamaze. Alimmiminia chai, akamshikia sahani chini ya kikombe chai isimwagike.

"Kesho alfajiri hakuna kitakacholia," Irine akasema.

"Nitapiga mimi. Saa kumi kamili. Usipopokea nitajua unakoroma."

Irine akacheka huku machozi yakimtoka, akamsindikiza hadi mlangoni. Danstan alipoinama kuvaa viatu, Irine akamfungua vifungo vile vilivyopishana, akavifunga upya taratibu.

"Na kukicha uje," akasema. "Hata mtandao ukiwa mzima, Danstan, uje."