Waya wa Nne

Haya yalimpata baba yangu mdogo, Ackson, fundi umeme wa kiwanda cha chai huku kwetu Kyimo. Mwaka 1984 kiwanda kilipata kompyuta ndogo ya kuongoza mashine ya kukaushia. Nyaya ziliingia kwenye kompyuta hiyo kutoka kwenye tanuri, feni, mkanda na mlango wa mashine. Waya mmoja ukileta habari ya hatari, prosesa, ubongo wa kompyuta, ilikatiza kazi yake, ikapiga kengele na kusimamisha kila kitu. Fundi naye aliweza kuikatiza kwa mkono. Aliandika moja kwenye rejista ya waya huo, yaani kisanduku chake cha kumbukumbu, mashine ikaamini hatari ni ya kweli. Ilikuwapo pia rejista ya pili. Ukiandika sifuri humo, waya hausikilizwi tena.

Waya wa nne, wa mlango, ulikuwa unakatiza ovyo. Chai inaharibika, meneja anafoka. Ackson akauandikia sifuri. Hakumwambia mtu.

Jumanne saa nne asubuhi, mfanyakazi mwenzake Ambindwile alifungua mlango achomoe majani yaliyokwama. Feni haikusimama.

Wakaguzi walipofika kutoka Mbeya, Ackson alikuwa ameshafuta ile sifuri. Mbele yao na mbele ya mjane wa Ambindwile, Sekela, akaandika moja. Kengele ikalia, mashine ikasimama. Akasema waya ni mzima, marehemu alipitia dirisha la chini la mashine kwa uzembe wake.

Sekela hakulia. Alimsogelea Ackson, akasema taratibu, "Baba Lusungu, leo umegonga wewe. Kesho atagonga mume wangu mwenyewe."

Kesho yake saa nne, kengele. Waya wa nne. Mlango ulikuwa umefungwa. Ackson akaandika sifuri. Ikalia. Akaukata waya. Ikalia. Akachomoa umeme wa kompyuta. Ikanyamaza.

Siku iliyofuata alikuwa nyumbani, anatusimulia habari za shamba huku anakula ndizi. Saa nne akanyamaza katikati ya neno. Mkono hewani. Macho mlangoni. Mkewe alimwita, hakuitika. Ilipopita dakika moja akalimalizia lile neno, wala hakujua kwamba alinyamaza.

Kesho yake dakika tano. Kisha nusu saa. Kila siku alizidi kuchelewa kurudi katika fahamu zake.

Nilimsihi akaseme ukweli. Alikataa, aliogopa jela. Akanivuta karibu, akaninong'oneza.

"Ambindwile akigonga, siwezi kukaa. Lazima nikafungue."

"Anataka kutoka?"

"Hapana. Anataka niingie."

Siku ya kumi hakurudi. Tulimkuta amesimama mlangoni kwake, mkono ameunyoosha mbele, anapumua. Hospitali hawakuona ugonjwa. Alikaa hivyo wiki sita, halafu pumzi ikakatika.

Tulipomwosha, ngumi yake ya kulia ilifunguliwa na wanaume wanne. Ndani mlikuwa na kifungo cha shati la kazi lisilo lake, kingali na uzi. Kilikuwa cha moto.

Ninacho mimi. Kila jioni nakiweka kwenye bilauri ya maji kipoe. Asubuhi bilauri huwa kavu.