Upara wa Diwani na Kibanda Changu

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko kando ya barabara, mbele ya ofisi ya baraza la mji. Cherehani hii ndiyo inayotulisha nyumbani.

Mtaani kwetu habari za baraza tulizipata kwa kinyozi. Tunamwita Redio. Diwani hunyolewa kwake, na akinyolewa huongea.

Asubuhi moja Redio alikuja mbio. "Shemeji, vibanda vyote vinaondolewa. Wanachimba mtaro."

Mume wangu hakuuliza mara mbili. Alipanda juu ya kibanda, akaanza kung'oa mabati ya paa. "Bora tuyaokoe mapema," alisema. Mimi nilibaki juani, nguo za wateja mapajani. Niliumia moyo. Nilikasirika pia, sina haja ya kuficha.

Mara jirani yetu, karani wa baraza, alikuja kuchukua gauni lake. Akatazama juu. "Shemeji, mnahama?"

"Baraza limeamua," mume wangu alisema.

"Halijaamua. Mpango huo utajadiliwa kesho. Tangazo liko ubaoni, pale mlangoni."

"Kumbe? Lakini diwani mwenyewe amemwambia Redio," nilisema.

Karani akacheka. "Dada, diwani ana upara. Nywele zake huisha kunyolewa kabla habari haijaisha. Za kuambiwa changanya na zako."

"Sasa sisi tutajuaje?"

"Njooni msikilize. Kikao ni cha wazi, mwananchi yeyote anaingia. Ukitaka kusema, mwombe mwenyekiti nafasi. Ukitaka kuona ramani, iombe. Ni haki yako, si hisani."

"Mbona mlango hufungwa?"

"Kwa sababu ya vumbi la barabarani. Sukuma tu."

Miaka yote hiyo nilishona mbele ya mlango ule, na sikuwahi kuusukuma.

Kesho yake niliusukuma. Tuliketi nyuma, mimi, mume wangu na Redio. Mhandisi alibandika ramani ukutani. Kweli, mtaro ulipita penye vibanda vyetu. Niliinua mkono, nikaomba nafasi.

"Mwenyekiti, mtaro tunauhitaji. Mvua ikinyesha, maji hutufika magotini. Lakini kazi ikiisha, sisi tutarudi? Ramani haisemi."

Mwenyekiti alimgeukia mhandisi. Mhandisi akaitazama ramani yake. Alisema nafasi itabaki, nyuma ya mtaro.

"Basi iandikwe," mwenyekiti alisema.

Wajumbe wakapitisha hivi: Tutahamia ng'ambo ya barabara wakati wa kazi, kisha kila mtu atarudi mahali pake. Uamuzi huo ulibandikwa ubaoni, na kila mtu aliusoma.

Sasa mtaro umekwisha. Mvua imenyesha, na miguu yangu ni mikavu. Siku tuliyorudi, mume wangu alikuwa juu ya paa, akipigilia mabati yale yale aliyoyang'oa.

Redio akaja mbio, kama kawaida yake. "Shemeji, kuhusu soko jipya..."

Nilisimamisha cherehani. "Umesikia, au ulikuwepo?"

Akatabasamu. "Nilikuwepo. Mstari wa mbele."

"Haya, kaa. Tueleze."