Vipande Elfu Moja na Tisa

Fundi cherehani alikata magauni ya marehemu mama yake. Alitoa vipande vya mraba, vyote sawa. Mchana huo vilijaa sakafuni kama bustani. Upepo ukiingia dirishani, vilipumua.

"Viko elfu moja na tisa," mkewe alisema. "Nimehesabu mara mbili."

Baada ya siku kumi binti yao angeondoka kwenda kufanya kazi mbali. Alitaka blanketi la magauni ya bibi. Fundi naye alikuwa ameapa: hakuna kipande cha mama kitakachoachwa nje.

Lakini blanketi lilikataa. Alipanga safu za vipande ishirini, vikabaki tisa. Akapanga za thelathini, vikabaki kumi na tisa.

"Kuna ulivyovikalia," alimwambia mkewe.

"Nimekalia hasira zako tu. Inuka nawe tukukague!"

Jirani yao, fundi wa vigae, alichungulia mlangoni. "Mnatandika sakafu bila kuniita?"

Walipomweleza, alichuchumaa.

"Namba yenu inaishia na tisa, basi haigawanyiki kwa mbili wala kwa tano. Jumlisha tarakimu: moja, sifuri, sifuri, tisa. Ni kumi. Kumi haigawanyiki kwa tatu, basi na namba yenyewe haigawanyiki kwa tatu. Kwa saba je?"

Binti alipiga hesabu. "Inabaki moja."

"Kumi na moja?"

"Zinabaki nane."

Walijaribu kumi na tatu, kumi na saba, mpaka thelathini na moja, wakiruka zinazogawanyika kwa namba walizokwisha kujaribu. Kila mara kitu kilibaki.

"Tunaishia hapa," jirani alisema. "Thelathini na mbili mara thelathini na mbili inapita namba yenu. Ukiongeza safu zaidi, kila safu itakuwa na vipande vichache, na idadi hizo ndogo tumeshazijaribu. Utakuwa umegeuza blanketi upande tu. Hii ni namba tasa. Hugawanyika kwa moja na kwa yenyewe, basi. Itakupa mkanda mrefu, si blanketi."

"Kwa hiyo sikukosea?" mke aliuliza.

"Hukukosea, shemeji. Mwenye mkasi ndiye aliyekata kabla ya kupiga hesabu."

"Mimi niliapa," fundi alisema.

"Namba haijui kiapo chako. Toa kimoja. Elfu moja na nane ina namba thelathini zinazoigawanya bila baki. Utachagua mwenyewe."

Fundi alivitazama vipande, kana kwamba vingeinuka na kutembea kwa mwendo wa mama yake.

"Baba," binti alisema, "nipe elfu moja na nane. Hicho kimoja baki nacho. Kwani ni mimi peke yangu niliyefiwa?"

Walishona safu ishirini na nane za vipande thelathini na sita. Pembe zote nne zilikaa sawa. Siku ya kumi binti aliondoka na blanketi begani.

Siku hizi fundi huandika kwanza urefu mara upana, ndipo hushika mkasi. Kipande kimoja kiko mfukoni mwa shati lake. Hakina mwenzake, naye hakitafutii.