Kiti Kilichounga Mkono

Hoja ya kununua matairi mapya ya gari la mkuu wa polisi iliungwa mkono na mtu ambaye hakuwemo chumbani.

Janelle Kubik, karani wa mji wa Haskett, aliinua kichwa ili aandike jina. Mezani walikuwapo wanne: Meya Clifford Oberg katikati, ndugu wawili Dale na Merle Zoubek wenye duka la mbolea, na mzee Vernon Pelc, ambaye husinzia. Kiti cha mwisho kilikuwa kitupu. Diwani wake alikimbilia jua la Arizona kila theluji ilipoanza, na posho aliendelea kuipokea hukohuko.

"Nani ameunga?" Janelle aliuliza.

"Si mimi," alisema Dale.

"Wala mimi," alisema Merle.

Vernon alikuwa amelala.

"Andika imeungwa mkono, tuendelee," alisema Meya. "Pai inapoa."

Wakaendelea. Ndio watu ambao Haskett iliwachagua kuwaongoza wengine. Sauti inatoka hewani, wao wanawaza pai.

Kiti kile kitupu kilikuwa cha ngozi nyekundu, kipana, cha zamani. Kilikuwa cha mzee Amos Trexler, aliyekufa peke yake nyumbani kwake, na polisi wakabeba vitu vyake na kuvifungia kwenye stoo yao chini ya ukumbi. Sheria ya mji kuhusu mali iliyoshikwa ni fupi. Tangazo hubandikwa mlangoni. Mwenye mali aje mwenyewe, ataje alama isiyoonekana kwa nje. Mwezi ukiisha hajaja, mali ni ya mji, pamoja na kila kilichomo ndani yake.

Binti wa Trexler alitoka Oklahoma na gari bovu, akafika asubuhi baada ya mwezi kwisha. Alitaja alama: chini ya mkono wa kushoto wa kiti, sigara iliunguza ngozi. Chifu Randy Stoltz, mkuu wa polisi, aliinama, akaona, akainuka.

"Kweli ni chenu, bibie. Lakini siku zimepita."

"Barabara zilifungwa na theluji."

"Sheria haijui theluji," alisema Chifu, akacheka, kwa sababu Meya alikuwa amesimama karibu, na Meya akiwa karibu Chifu hucheka.

Yule mama hakulia. Alikipapasa kiti kama mtu anavyompapasa farasi mzee.

"Baba alikuwa na mwenzake humu," alisema taratibu. "Tangu tukiwa wadogo tulikuwa tunawasikia wakizungumza. Huyo mwenzake hafanyi ubaya wake mwenyewe. Anafuata desturi za nyumba anayokaa. Sasa yuko kwenu. Mfundisheni vizuri."

Janelle alimfuata nje, akampa mkate wake wa mchana ale njiani. Hakuwa na kingine cha kumpa.

Meya alikitaka kiti kiwe chake. Alikikalia jioni moja tu, akainuka mgongo umelowa chapachapa, na chumba kizima kikanuka kama kisima kilichofunikwa miaka mingi. Alisema paa linavuja. Akakisukuma hadi mwisho wa meza, mahali pa yule wa Arizona.

Baada ya matairi, kiti kiliunga kila hoja. Kwanza ngozi ililia, kama inavyolia mtu mnene akijiweka sawa. Kisha ile harufu. Kisha sauti kavu, isiyo na haraka: "Naunga." Na wale waheshimiwa, badala ya kukimbia, walifurahi. Zamani kila hoja ya aibu ilihitaji mtu wa kuiunga kwa jina lake, na mkewe angeisikia kanisani. Sasa jina halikuhitajika. Wakamwachisha kazi mama aliyekuwa akivusha watoto wa shule barabarani. Naunga. Wakauza mablanketi ya stoo ambayo askari wa zamu walikuwa wakiwapa wapita njia wakati wa baridi. Naunga.

"Chifu," Janelle alinong'ona siku moja kwenye ngazi, "kile kiti kina kitu."

"Najua."

"Unajua?"

"Mimi nilikaa nacho stoo mwezi mzima, Janelle. Nikifunga mlango, kuna mtu ndani anashusha pumzi."

"Basi mwambie Meya."

"Mwambie wewe. Wewe ndiye karani."

Mwoga kama huyo angestahili kudharauliwa tangu kofia hadi viatu, na Janelle alimdharau. Lakini hakuweza kumdharau kabisa. Uchungu wa kujifungua ulipomshika Janelle ofisini, barabara zote zikiwa barafu, ni Chifu aliyemweka kwenye gari akaendesha mwendo wa kobe hadi hospitali, akimwimbia nyimbo za kanisani njia nzima ili asiogope.

Ikaja zamu ya gari la Kendra Tuma.

Kendra alikuwa na binti, Wren, mtoto wa kiti cha magurudumu. Gari lao lilikuwa na ngazi ya umeme ya kumpandishia, na bila hilo Wren hakuwa na njia ya kufika kwa madaktari wa mji wa Lincoln, ambako mapafu yake yalikuwa yakisafishwa. Binamu wa Kendra aliliazima, akakamatwa amelewa, polisi wakalishika. Kila Kendra alipokuja alitumwa arudi na karatasi nyingine, mpaka mwezi ukaisha. Chifu alimwambia Meya kwamba gari lingefaa kubebea vyombo vya bendi ya gwaride. Meya akasema wazo zuri.

Jioni hiyo Kendra alikuja na Wren. Halmashauri humpa mwananchi dakika tatu za kusema. Alitumia moja.

"Msiponirudishia gari, atakosa pumzi. Sina maneno mengine."

Meya alikohoa. "Tunasikitika, dada. Hoja: gari liwe mali ya mji. Nani anaunga?"

Dale akaangalia kalamu yake. Merle akaangalia kalamu ya Dale. Mtoto alikuwa mbele yao, anapumua kwa mlio, na hakuna aliyetaka kufungua mdomo, kwa hiyo wote pamoja, wanaume wazima, wakageuza macho wakakitazama kiti.

Kiti kikanyamaza.

"Nani anaunga?" Meya alirudia.

"Babu anasema ana hoja yake," alisema Wren.

"Babu yupi, mwanangu?" Kendra alinong'ona.

"Aliyekaa pale. Amelowa."

Ngozi ikalia. Taa zikafifia zikawa rangi ya chai, na harufu ya kisima ikapanda kutoka sakafuni, ikapita miguuni, ikapita magotini, na ile sauti kavu ikasema, bila haraka, kama diwani wa miaka mingi: "Natoa hoja. Kila kilichomo katika jengo hili, kisichodaiwa na mtu, kiwe changu. Nani anaunga?"

Meya hakusikia ila neno moja, kwamba kisichodaiwa kitachukuliwa, na akili yake ikaenda moja kwa moja kwenye gari.

"Naunga," alisema.

"Vizuri. Huyu ni wa nani?"

Hakuna kidole kilichoonekana, lakini kila mmoja alijua aliyeulizwa ni mzee Vernon, kwa sababu Vernon aliamka na maji yalikuwa yakimtiririka shingoni.

"Ni wangu," alisema Wren. "Anatufagilia theluji mlangoni kabla hatujaamka. Anadhani hatumwoni."

Maji yakakoma. Sauti ikahamia kwa ndugu wa mbolea, nao wakadaiana kwa pupa, Dale akisema Merle hulala na taa inawaka tangu mama yao afe, Merle akisema Dale ndiye huja kuizima. Kendra na mtoto walikuwa wameshikana tayari. "Na karani?" iliuliza sauti, na Kendra akajibu kwamba karani ni wake, kwani mara zote alizotimuliwa kwenye dirisha la polisi, ni Janelle aliyetoka akamshikia mtoto ili apate kulia peke yake.

"Na huyu mwenye bunduki?"

Chifu alikuwa amebana mgongo ukutani, kofia imelowa, na midomo yake ilikuwa ikitamka kitu kisicho na sauti. Janelle aliona amekwisha, kwamba hana wa kumdai, na akasikia mdomo wake mwenyewe ukisema, "Ni wangu. Aliniimbia nilipokuwa naenda kujifungua, na hajui kuimba."

Ikabaki sehemu ya katikati ya meza.

"Na huyu?"

Meya Oberg aliwatazama mmoja mmoja. "Randy," alisema. "Nidai."

Chifu alifungua mdomo. "Wewe... wewe unapenda pai," alisema.

"Hiyo inaonekana kwa nje," ilisema sauti.

"Janelle. Miaka yote hii tuko pamoja. Sema kitu."

Naye Janelle alitafuta, Mungu shahidi alitafuta, alipekua miaka ya kahawa na mikutano na milango iliyofungwa kwa nguvu, akitafuta wema mmoja tu, hata mdogo kama punje, huku maji yakipanda kwenye kola ya Meya na pumzi yake ikigeuka mlio kama wa mtoto, na hakuuona.

"Basi atashikwa," ilisema sauti.

Taa zikazimika. Zilipowaka, kiti cha Meya kilikuwa kitupu na kimelowa.

Chifu alitoa funguo za gari mfukoni, akaziweka kwenye mapaja ya Wren bila kutazama mtu.

Kesho yake, pale mlangoni pa ukumbi, palikuwa na tangazo lenye unyevu ambalo hakuna aliyelibandika: Mtu mmoja, mwanamume, koti la kijivu. Mwenyewe aje ataje alama. Watu wa Haskett walilisoma wakipita. Janelle alimpigia simu mke wa Oberg, aliyekuwa amehamia Omaha. "Kaeni naye," alijibu mke, akakata. Wanawe hawakupokea. Chifu alisema atakwenda kumdai, kila siku kesho. Mwezi ukaisha.

Asubuhi iliyofuata Janelle alikuwa jikoni akimmenyea mwanawe chungwa. Harufu ikampanda puani, na kidole chake kikasimama. Wiki yake ya kwanza kazini alikuwa mjamzito, na alitapika kwenye pipa la karatasi mbele ya watu wote. Meya Oberg alipita, hakucheka. Alirudi na chungwa lililomenywa, limetolewa nyuzi zote nyeupe, akaliweka kwenye pembe ya meza ya Janelle, akaenda zake.

Janelle alimbeba mtoto hivyohivyo bila soksi, akaendesha hadi ukumbini, akakimbilia kile chumba. Jua lilikuwa limejaa madirishani. Akapiga magoti mbele ya kiti chekundu.

"Ni wangu," alisema. "Alinimenyea chungwa. Akatoa zile nyuzi zote."

Ngozi ikalia, polepole, kama wanaokaa ni wawili.

"Siku zimepita," ilisema sauti kavu.

Na kutoka ndani zaidi, imelowa, imechoka, ikajibu sauti ya Clifford Oberg:

"Naunga."