Tawi Lililoelekea Mlimani

Kila asubuhi kabla ya shule, Isakwisa alikuwa na kazi zake: kuwafungulia mbuzi, kufagia zizi na kuzoa majivu jikoni. Lakini Jumamosi moja ya mwaka 1954 majivu hayakutupwa jalalani. Aliyachekecha, akayatia katika kifuko cha kitambaa, maana wanaume walikuwa wanakwenda kuwinda. Mwindaji hukitikisa kifuko, akaona majivu yanapeperukia wapi, ndipo akajua upepo unavumia upande gani. Mnyama akishanusa harufu yako, basi, rudi nyumbani ukale mboga za majani.

Baba yake, Andendekisye, alitoka Unyakyusa kuja kutafuta dhahabu Makongolosi. Dhahabu hakuipata, ila alipata shamba, na rafiki wa kuwinda naye, mzee Yotamu mwenye gobori.

"Leo utalinda mwanya," baba alimwambia. "Pongo akipita, usipige kelele. Vunja tawi, ulilaze chini, ncha ielekee alikokwenda. Usipoona kitu, usilaze kitu. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

Dada yake Tusekile, aliyekuwa akitwanga mahindi, aliangua kicheko. "Mmekosa watu kweli! Huyu anayesinzia akichunga mbuzi?"

"Cheka tu," Isakwisa alisema. "Shingo ya mnyama hupewa aliyemwonyesha alipo. Jioni utaniomba, na sikupi."

Mwanya wenyewe ulikuwa njia nyembamba kati ya kichuguu na kichaka cha miiba. Isakwisa alikaa hapo asubuhi nzima. Huko mbele wawindaji walikuwa wanahangaika. Mvua zilikuwa bado, ardhi ngumu kama sakafu, haishiki unyayo. Palipokuwa na vumbi, kwato za pongo zilichanganyika na za mbuzi wa kijiji, na pongo ni mnyama wa kujificha; waweza kumpita hapo hapo alipolala.

Njaa ikamuuma kijana. Nyuma ya kichuguu palikuwa na miti ya misuku, na matunda yake, masuku, yameiva mpaka yanadondoka yenyewe. Isakwisa akajiambia, nakwenda mara moja tu. Alikwenda, akala, akajaza na mifuko.

Ghafla gobori lililia. Alisikia vijiti vikivunjika mwanyani, kitu kizito kikipita mbio. Alipofika, lo! Hakuna kitu. Sauti za watu zilikuwa zinakaribia. Moyoni aliiona fimbo ya baba, akasikia na kicheko cha Tusekile. Akavunja tawi upesi, akalilaza chini, ncha ikaelekea mlimani.

Mzee Yotamu alitokea akihema. "Ni dume, nimempiga tumboni, vibaya. Umemwona?"

"Nimemwona, babu."

"Kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu."

Yotamu alikuna kichwa. "Ajabu. Mwenye jeraha la tumbo hutafuta maji. Huyu anapanda mlima? Haya, tawi limesema."

Mbwa wao wa kuwindia alivuta kamba kwenda chini, bondeni kwenye kijito, akinusa na kulia. Yotamu alimrudisha kwa fimbo. Maskini mbwa, siku hiyo alipigwa kwa kosa la kusema kweli.

"Tumpate kabla jua halijashuka," baba alihimiza. "Pongo dume aliyejeruhiwa, mtu akimkaribia, hakimbii. Anapiga pembe."

Isakwisa alisikia, akatazama bondeni. Kijitoni ndiko wanawake walikochota maji. Hata hivyo akawafuata mlimani.

Walitafuta mlimani mchana kutwa. Waliinua majani makavu wakitafuta tone la damu, wakapima upepo kwa majivu hadi yakaisha kifukoni. Hapakuwa na damu wala unyayo. Mara mbili baba alimwuliza kama ana hakika, na mara mbili alijibu kwamba anayo.

Jua lilipoanza kushuka walisimama juu ya jabali. Bonde lote lilionekana. Isakwisa aliona kanga nyekundu ikishuka njia ya kijitoni, debe kichwani. Alikuwa Tusekile.

"Baba," aliita.

"Nini?"

Fimbo aliiogopa, na kuitwa mwongo mbele ya wanaume aliogopa zaidi.

"Nina kiu," alisema.

Baba akampa kibuyu. Alikuwa bado anakunywa waliposikia ukelele kutoka bondeni.

Walishuka mbio. Tusekile alikuwa chini kwenye matete, paja limechanwa, debe limepondeka kando yake. Hatua chache mbele pongo alisimama akitetemeka, tumbo wazi, hawezi kukimbia wala kuanguka. Mateso hayo aliyabeba tangu mchana kwa sababu hakuna aliyemfuata. Yotamu alimmaliza kwa mkuki, wala hakuna aliyeshangilia.

Tusekile alibebwa kwa machela hadi hospitali ya misheni. Alipona, lakini mshipa ulikuwa umekatika. Daktari alisema wazi kwamba atachechemea maisha yake yote.

Habari hizo zilipofika nyumbani, Isakwisa alipiga magoti mbele ya baba. "Sikumwona pongo. Nilikuwa nakula masuku. Lile tawi nililaza tu."

Alingojea fimbo. Aliitaka, heri iishe. Baba akashusha shingo ya pongo iliyokaushwa juu ya moshi.

"Hii ni ya aliyetuonyesha mnyama alipo," alisema. "Aliyetuonyesha ni dada yako. Mpelekee, na umwambie mwenyewe kwa nini ni yake."

Mzee Yotamu alimsindikiza. Kando ya kitanda Isakwisa alisema yote, tangu masuku hadi waliposimama juu ya jabali, huku machozi yanamtiririka.

"Mlikuwa juu ya jabali," Tusekile alisema. "Uliniona nikishuka?"

"Nilikuona, dada."

"Ukasemaje?"

"Nikasema nina kiu."

Tusekile aligeukia ukuta. Baadaye alinyoosha mkono, akapokea nyama. "Ndaga," alisema, neno la asante la kwao, kwa sauti ya mtu anayemshukuru mgeni. Isakwisa angependa kupigwa kofi kuliko kuambiwa vile.

Nje, Yotamu alimshika bega. "Kula masuku ni utoto, mjukuu wangu. Ungesema 'sijaona,' ungechapwa, ungechekwa, na jioni ungesahau. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yako ilikuwa fupi kweli, ila aliyebaki kuitembea kwa mguu mbovu ni mwenzako. Kweli iseme mapema, ingali inaokoa. Ukiisema leo inakuuma wewe tu, haimponyi mtu."

Tangu hapo, kuchota maji kukawa kazi ya Isakwisa. Wavulana wenzake walimcheka akipita na debe kichwani, naye akaendelea na njia yake. Tusekile aliporudi nyumbani alikaa mlangoni na fimbo yake, na kila Isakwisa alipotoka kijitoni alimwuliza, "Umeona nini njiani?"

Akiwa ameona nyayo, alisema ni za nani na zimeelekea wapi. Akiwa hajaona, alitua debe, akamtazama dada yake usoni, akasema, "Sijaona kitu."