Herufi ya Pembeni

Fundi wa paa alikata roho asubuhi, zamu zikipokezana, akiwa na mrija kwenye upande wa kifua usiokuwa na tatizo lolote. Daktari wa zamu alikuwa ameuchomeka kulia, hewa haikutoka. Alipong'amua kosa na kutoboa kushoto, hewa ilitoka kwa mluzi uliosikika chumba kizima, lakini moyo ulikuwa umeshasimama na haukurudi tena.

Shikapumzi aliitwa chumba cha dharura akiwa bado na begi begani. Jina hilo alipewa na wagonjwa, maana miaka yote aliyopiga eksirei alikuwa akiwaambia "Vuta, shika pumzi" kwa sauti iliyowafanya hata wasindikizaji kwenye benchi washike zao. Sasa alikuwa anamalizia shahada ya uzamili, ile inayowafundisha wapiga eksirei kuzisoma picha wenyewe na kuziandikia majibu, badala ya kumsubiri daktari bingwa anayepita kwa nadra kama mgeni wa heshima. Darasa lao lilikuwa la watu saba, na nusu ya madaktari wa hospitali ile walikuwa wanasubiri tu mmoja wao ateleze.

"Hebu soma," daktari wa zamu alimwambia, akimgeuzia kioo cha kompyuta.

Alisoma. *Hewa imejaa kifuani upande wa kulia na kulibana pafu.* Chini yake jina lake. Chini ya jina lake, uthibitisho wa mkufunzi.

"Mimi niliandika kushoto," alisema.

"Na hapo pameandikwa nini?"

"Kulia."

"Basi tumemaliza," daktari alisema, akaenda kunawa.

Mkufunzi aliingia wakati huo, bega lake la kushoto likigonga fremu ya mlango kwa kishindo. Wanafunzi walimwita Mama Kivuli kwa sababu ya msemo wake wa kila siku, "Msiutafute ugonjwa, someni kivuli." Ndiye aliyeipigania kozi ile mpaka ikaanza, na ndiye pekee aliyeruhusiwa kuthibitisha majibu ya wanafunzi. Kwa Shikapumzi alikuwa zaidi ya mwalimu. Ni yeye aliyemfuata kwenye chumba cha giza na kumwambia kwamba macho kama yake yanaozea kwenye kubonyeza vitufe.

"Mama, wewe uliyathibitisha," Shikapumzi alisema. "Uliona nimeandika nini?"

Mama Kivuli hakumjibu mpaka alipogeuka mwili mzima na kumwona. "Niliona hayo yaliyopo, binti yangu. Sikugusa neno."

Kikao cha nidhamu kilipangwa kesho yake, saa tisa alasiri. Kama ingethibitika ameandika kulia, angenyang'anywa leseni, na baada ya hapo polisi wangemhitaji.

Kwenye korido, mwanamke alikuwa amekaa na viatu vya kiume mapajani, vimejaa vumbi la saruji. Alimtazama Shikapumzi sare, kisha uso.

"Dada, ni wewe uliyesoma picha ya mume wangu?"

"Ni mimi."

"Wanasema ulichanganya kulia na kushoto." Mwanamke alikuwa anauliza kwa upole kabisa, na upole huo ndio uliomkata maini Shikapumzi. "Mtoto wangu wa chekechea anazijua."

Shikapumzi alikwenda kujifungia chooni akalia mpaka kichwa kikamuuma. Kilichomtesa ni kwamba hakuwa na hakika. Alijaribu kuvikumbuka vidole vyake vikiandika *kushoto*, na aliviona, lakini mtu aliyebanwa anaweza kuona chochote anachotaka. Je, kama alikosea kweli? Je, kama amemuua mtu kwa neno moja?

Kilichomwinua ni herufi.

Katika hospitali ile hawakutumia K, maana kulia na kushoto zote zinaanza na K. Mama Kivuli ndiye aliyeagiza zitengenezwe herufi za risasi, S kwa kushoto na L kwa kulia, zibandikwe kwa plasta kwenye bega la mgonjwa kabla ya kupiga. Ndugu za wagonjwa walikuwa wanaruka wakisikia mpiga eksirei akiagiza "niletee risasi," mpaka waelezwe kuwa ni madini tu. Darasani Mama alianza kila picha kwa maneno yaleyale, "Nisomeeni herufi," na mwanafunzi lazima aitaje kwa sauti ndipo somo liendelee. Na herufi ya fundi wa paa Shikapumzi aliikumbuka vizuri, kwa sababu ilimchekesha. Ilikuwa S iliyogeuka, imekaa kama namba mbili. Picha ilikuwa imeingia kinyume, akaigeuza kwenye kioo, kushoto kwa mgonjwa kukawa kulia kwa msomaji kama inavyotakiwa, akaandika majibu, akaenda nyumbani.

Mtu anayekumbuka kuigeuza picha hawezi kuwa ameandika kulia. Alinawa uso, akatoka.

Alianza na daktari wa zamu, aliyemkuta kwenye ngazi za nyuma na sigara ambayo hajaiwasha.

"Nikuulize bila kukuficha," Shikapumzi alisema. "Uliyabadilisha majibu ulipoona umekosea?"

"Na mimi nikujibu bila kukuficha. Muuguzi alinisomea kabla sijashika kisu, kwa sababu nilikuwa na glovu. Kulia, alisema. Kamuulize."

"Hukumsikiliza kifua?"

Sauti ya daktari ikashuka. "Nilimsikiliza. Pale ndani ndugu wanalia, mashine zinapiga kelele. Masikio yangu yaliniambia kushoto. Nikasema, huyu kasomea picha, mimi ni nani? Nikayaamini majibu yako. Ukitaka kujua nani hatalala leo, tuko wawili."

Muuguzi alisema hivyohivyo. Kwa hiyo neno lilikuwa *kulia* kabla ya mrija, na daktari akatoka kwenye hesabu.

Aliyefuata alikuwa mwanafunzi mwenzake, waliyemwita Msomi kwa kupenda kwake maneno marefu. Msomi ndiye aliyempiga fundi ile picha, na ndiye aliyekuwa akishindana na Shikapumzi kwa alama tangu siku ya kwanza. Tena alilijua neno la siri la kompyuta la Shikapumzi. Shikapumzi alimkuta kwenye chumba cha kusomea picha, naye Msomi akainuka kabla hajaulizwa.

"Najua unachokifikiria," alisema. "Nisingeweza. Baada ya ile picha niliitwa chumba cha upasuaji, nikakaa huko mpaka kukakucha, mganga wa usingizi shahidi."

"Basi mbona unajitetea kabla sijakuuliza?"

Maneno marefu yalimwishia Msomi. "Kwa sababu kaseti ya kunasia picha niliiweka kinyume. Mgonjwa alikuwa anapiga kelele, hataki kuguswa, nikaisukuma chini ya mgongo wake bila kuangalia. Ndiyo maana picha iligeuka. Lakini herufi niliibandika, naapa. Ipo, ona."

Aliifungua picha. Ilikuja kama ilivyoingia usiku ule, kinyume, maana kule kuigeuza kwa Shikapumzi hakukuhifadhiwa, na pembeni kabisa, kwenye kona ya juu kushoto mwa kioo, ilikuwepo S yenye umbo la mbili. Shikapumzi aliifunika kona hiyo kwa kiganja.

"Sasa isome."

"Hewa kulia," Msomi alisema mara moja. Akakunja uso. "Na moyo wenyewe umekaa mahali pake. Kumbe umesukumwa, lakini kwa sababu picha imegeuka, unaonekana umetulia. Yaani bila herufi, hata mimi ningeapa ni kulia."

"Kwa hiyo aliyebadilisha hakuwa na nia mbaya. Alidhani anasahihisha. Aliifungua upya, ikaja kinyume, hakuiona herufi."

"Nani asiyeiona S kubwa kiasi hiki?"

Shikapumzi aliondoa kiganja polepole. Alikumbuka bega lililogonga fremu ya mlango. Alikumbuka salamu zake zisizoitikiwa mpaka Mama ageuke mwili mzima. Na yale maneno, nisomeeni herufi, ambayo miaka miwili wote waliyachukulia kuwa ni ufundishaji.

"Asiyekuwa na mtu wa kumsomea," alisema.

Angefurahi kama angekuwa ni mtu mwingine yeyote. Ushahidi nao hakuwa nao, maana mfumo wa hospitali ulihifadhi maandishi ya mwisho tu. Ilibidi Mama mwenyewe aseme.

Kesho yake saa tisa walikaa kwenye ukumbi mdogo: mganga mkuu, ambaye ndiye mwenyekiti, daktari wa zamu, Mama Kivuli, na mshtakiwa. Mganga mkuu aliuliza kama mshtakiwa ana la kujitetea.

"Ninaomba kumuuliza mkufunzi swali moja, kama tunavyofanya darasani," Shikapumzi alisema. Akawasha projekta, picha ya kifua ikatokea ukutani. "Mama, tusomee herufi."

Mama Kivuli alitabasamu kwa uchovu. "Hiyo kazi ni yenu, binti yangu. Nisomee wewe."

"Leo nakuomba wewe."

Mama Kivuli aliutazama ukuta, katikati ya picha, kwenye uti wa mgongo, bila kuyumbisha macho. "S," alisema. "Imegeuka. Ndiyo inayotuumiza sote hapa."

Mganga mkuu alivua miwani, akaivaa tena. Ukutani hapakuwa na S. Palikuwa na L iliyosimama wima, kubwa, nyeupe, kwenye kona ileile ya kushoto, na picha yenyewe ilikuwa ya mapafu mazima, ile wanayoanzia nayo wanafunzi wa mwaka wa kwanza.

"Mkufunzi," mganga mkuu alisema, "hiyo si picha ya marehemu."

Mama Kivuli aliinamisha kichwa. Alisema bila kumwangalia mtu.

"Ni presha ya macho. Pembeni kumekufa, kushoto ndiko kubaya zaidi. Naona kama mtu anayechungulia kwenye bomba."

"Tangu lini?"

"Tangu nyinyi mnaanza. Ningesema, kozi ingefungwa siku hiyohiyo, maana hakuna mwingine wa kuthibitisha. Nikasema mmalize ninyi saba, kisha niondoke kimya. Usiku ule nilikuwa peke yangu. Niliona hewa kulia, nikaona umeandika kushoto, nikasema mtoto amechoka, ngoja nimsaidie."

"Na alipokufa?" Shikapumzi aliuliza. "Nilikuuliza palepale, mama. Ukasema hukugusa neno."

"Nilijiambia, akianguka mmoja, sita watamaliza."

"Ukanichagua mimi."

"Sikukuchagua. Jina lilikuwa lako." Sasa alilia, bila sauti. "Ningechagua, wewe ungekuwa wa mwisho."

Mganga mkuu alisema mshtakiwa hana hatia, na kwamba kuanzia saa hiyo kozi imefungwa. Alisema yote mawili kwa pumzi moja, akafunga faili. Shikapumzi alikuwa ameliokoa jina lake, na kesho angerudi kwenye chumba cha giza kubonyeza vitufe, yeye na wenzake wote. Hakuhisi nafuu yoyote. Alihisi kama mtu aliyefiwa mara mbili.

Mama Kivuli alisimama, akapapasa meza. Hakuigiza tena kuwa anaona. "Nishike mkono. Mlango uko wapi?"

"Kushoto kwako."

Walitoka pamoja. Nje ya mlango mke wa fundi alikuwa anasubiri, viatu vya mumewe mkononi, amesimama kushoto kwa Mama Kivuli, karibu kiasi cha kumgusa. Mama alimpita kama anavyopita ukuta.

Shikapumzi alisimama. Alimshika mwalimu wake mabega yote mawili, akamgeuza taratibu, kama alivyowageuza maelfu ya wagonjwa mbele ya mashine.

"Mama, tulia hapohapo," alisema. "Kuna mtu mbele yako. Msomee majibu."