Kikosi Alichokingoja Kapteni Dale

Ijumaa saluni ya Geneva Poahway hujaa wanajeshi hadi mlangoni, maana hapa mjini Lawton nani hataki kichwa safi wikiendi? Siku hiyo mizinga ya kambi ya jeshi ya Fort Sill ilinguruma, madirisha yakatetemeka, na hakuna aliyeinua kichwa. Ndipo akaingia Kapteni Dale Hostetler, ofisa wa mizinga, mabega mapana, buti zinang'aa, akamkanyaga Geneva mguu.

"We kaka, huo ni mguu, si zulia!"

"Samahani, dada. Nilikuwa naangalia uso."

"Basi kaa uuangalie kwenye kioo. Bei ni ileile."

Watu wakaangua kicheko. Baridi ilipoingia, wawili hao walikuwa wakila steki pamoja kila Jumamosi, Geneva kavaa gauni jekundu na hereni za shanga za mama yake, Dale haondoi macho midomoni mwake. Geneva alidhani ni mapenzi. Na yalikuwa mapenzi, ila si hayo tu.

Kwenye simu Dale alikuwa mtu mwingine kabisa, mkavu, mwenye haraka. Siku mama yake Geneva alipoanguka, Geneva alimpigia akilia.

"Dale, mama yuko hospitali, hali mbaya. Njoo!"

"Sawa, kipenzi. Tutaonana Jumamosi." Akakata.

Jamani! Geneva akamuuguza mama peke yake, na mama alipopata nafuu akaapa kumfuta Dale moyoni. Mchana mmoja, saluni ikiwa tupu, Dale akaja na maua, hajui kosa lake. Geneva akamkalisha, akakizungusha kiti kikatazama ukuta.

"Huna utu wewe!" akamwambia kisogoni. "Mama yangu anakata roho, unaniambia Jumamosi? Sikutaki tena!"

Dale katulia, anatabasamu. Geneva akapaza sauti zaidi. Wapi! Mkasi ukamponyoka. Akaja mbele, akamshika mashavu.

"Tangu lini husikii?"

Tabasamu likafutika. "Ni mizinga, Geneva. Miaka yote hii. Nasoma midomo tu. Nakuomba usimwambie mtu. Mwezi ujao nakabidhiwa kikosi changu. Tangu nikiwa luteni nangoja hicho tu. Daktari akijua, wataniweka stoo nihesabu soksi."

"Na askari akipiga kelele msifyatue, kuna watu mbele? Utamsoma midomo gizani?"

Dale akalia palepale, taulo shingoni.

"Bila kikosi, utanitaka?"

"Nani kakuambia nilitaka kikosi, mpenzi?"

Lakini Geneva naye alikuwa analia, maana hakuwa na la kumfanyia. Kesho yake wakaenda kwa daktari, wameshikana mikono.

Siku ya makabidhiano askari walijipanga uwanjani, bendera ya kikosi ikapita mikononi mwa kapteni mwingine. Dale alisimama pembeni, sare imenyooshwa pasi, Geneva ubavuni na pete mpya kidoleni. Kipaza sauti kikatangaza. Dale akamgeukia.

"Wamemtaja nani?"

Geneva akatamka jina polepole. Dale akamwomba arudie. Akarudia.

"Ni kijana mzuri," Dale akasema, akapiga saluti.